Somo la Nyumbani: Hesabu ya Umeme wa Jua



Wengi wetu tumeliona jambo hili. Familia hununua sola kwa fedha za mavuno, taa huwaka vizuri mwaka wa kwanza, kisha zaanza kuzimika saa tatu usiku kabla watoto hawajamaliza kusoma. Husemwa, "Sola ni mbovu." Mara nyingi kile kioo cha juu ya bati hakina kosa lolote. Iliyokufa ni betri, nayo imekufa kwa kuwa hesabu haikupigwa kabla ya kununua.

Kioo hicho, yaani paneli, kina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1954 wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani, Chapin, Fuller na Pearson, walionyesha kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Kiligeuza sehemu 6 hivi katika kila 100 za nguvu ya mwanga. Paneli nzuri za leo hugeuza 20 na zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya paneli iligharimu makumi ya dola. Leo, ikitoka kiwandani, haifiki hata nusu dola, hasa kwa sababu ya viwanda vikubwa vya Uchina. Ndani ya paneli hakuna kinachozunguka wala kusuguana, kwa hiyo watengenezaji wengi huidhamini miaka 25. Ifungwe pasipo kivuli cha mwembe, iachiwe nafasi ya hewa juu ya bati (tunachotaka ni mwanga, joto huipunguzia nguvu), na ipanguswe vumbi. Basi.

Betri ndiyo inayokula fedha, na hapa yafaa tuchukue kalamu. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Zidisha wati kwa muda kinaotumika. Taa 4 za wati 5, zikiwaka muda wa saa 5, hutumia 100. Redio ya wati 5 kwa saa 6, 30. Simu mbili, 20. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4, 120. Jumla ni 270 kwa siku. Sehemu nyingi za nchi zetu hupata jua lenye nguvu kamili kwa muda wa saa 5 hivi, kwa hiyo paneli ya wati 100 ingetoa 500. Tukiondoa kinachopotea njiani, tuseme 350. Yatosha.

Sasa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 huhifadhi 12 mara 50, yaani 600. Lakini betri ya madini ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu yake kila siku, kwa hiyo tuna 300 tu, na siku ya mawingu hatuna akiba. Mwenye busara atanunua ya 100. Betri ya gari isinunuliwe kwa kazi hii: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini, na kuikamua kila usiku huiua upesi. Betri mpya za lithiamu zaweza kutumiwa kwa kina zaidi na hudumu miaka mingi, ingawa bei yake huumiza mwanzoni.

Kile kisanduku kidogo, kontrola, hukata umeme betri inapokaribia kuisha. Fundi akikushauri uunganishe taa moja kwa moja na betri ili zisikatike, mkatalie.

Wanaolipa kidogo kidogo kwa simu, kama ilivyoanza Kenya na M-KOPA mwaka 2012, wamepata mwanga bila kungoja kukusanya fedha zote. Hata hivyo, zidisha malipo ya kila siku kwa idadi ya siku, ongeza kianzio, kisha linganisha na bei ya dukani ndipo utie sahihi.

Betri ikifa, isivunjwe nyuma ya jikoni kutafuta madini. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakaaji kwa sumu ya risasi, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika rufani hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha amri hiyo Desemba 2024. Sumu hii huharibu akili za watoto, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Irudishe betri nzima kwa muuzaji, wala usiimwage maji yake.

Vikundi vya akina mama na vijana mfanye hesabu hii pamoja: nyumba tuliyoitaja hapo juu imenunua pasi ya umeme ya wati 1000, nayo hutumika nusu saa kila siku. Je, betri ya ampea-saa 100 itatosha? Paneli je? Na kama haitoshi, ni lipi rahisi zaidi, kununua paneli ya pili au kurudia pasi ya makaa?