Ubora wa Chai Huanzia Kwenye Chipukizi: Kifahamu Kimeng'enya Kinachofungua Njia

Kila mkulima wa majani chai katika kaunti yetu anaijua kanuni ya "majani mawili na chipukizi". Karani wa kituo cha kununulia huitaja, na majani yaliyokomaa hukataliwa mbele ya mizani. Si wengi, hata hivyo, walioelezwa kwa nini kanuni hiyo ipo. Sababu yake iko ndani ya jani lenyewe, katika kazi ya kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho: kimeng'enya.

Kimeng'enya ni nini?

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia bila yenyewe kutumika na kuisha. Mate yetu yana kimeng'enya kinachovunja wanga wa ugali tunapotafuna. Mimea nayo ina vimeng'enya vyake. Kinachotuhusu leo huitwa kalkoni sinthesi. Ndicho kinachofungua njia ya kutengeneza flavonoidi, kundi kubwa la kemikali za mimea. Flavonoidi huipa chai ukali wake, huyapa maua mengi rangi nyekundu na zambarau, na hulikinga jani dhidi ya miali mikali ya jua.

Hesabu ya 9 na 6

Kazi yenyewe inaweza kuelezwa kwa hesabu rahisi. Mmea huanza na asidi amino iitwayo finilalanini. Baada ya hatua chache hupatikana kipande chenye atomi 9 za kaboni. Kalkoni sinthesi hukipokea kipande hicho, kisha hukiongezea vipande vingine vitatu, kimoja baada ya kingine. Kila kinapounganishwa, hewa ya kabonidioksidi hutoka na atomi 2 za kaboni hubaki. Mara tatu mbili ni 6. Ukijumlisha na zile 9 unapata 15. Mnyororo huo hujikunja na kufanya duara, na hapo ndipo kalkoni, molekuli ya rangi ya manjano, huzaliwa. Vimeng'enya vingine huipokea na kuigeuza kuwa flavonoidi za aina nyingi. Hatua hii ikikosekana, hizo nyingine hazina cha kufanyia kazi.

Umbo lake

Mwaka 1999, wanasayansi wakiwemo wa Taasisi ya Salk huko California, Marekani, walichapisha umbo la kimeng'enya hiki. Walikitoa katika mmea ambao wafugaji wetu wanaujua vyema: lusani, ile tunayowalisha ng'ombe wa maziwa. Waligundua kwamba kimeundwa kwa nusu mbili zinazofanana, zilizoshikana kama mapacha. Kila nusu ina mfuko wake wa ndani, unaofikiwa kupitia njia nyembamba. Ndani ya mfuko huo asidi amino nne ndizo zinazofanya kazi kubwa. Moja, sisteini, hukishika kipande cha kwanza kisiponyoke huku vingine vikiunganishwa. Nyingine husaidia kuondoa kabonidioksidi na kuelekeza vipande mahali pake. Ukubwa wa mfuko ndio unaoamua mnyororo uishie wapi.

Kikizimwa hutokea nini?

Mwaka 1990, watafiti nchini Marekani na Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio juu ya maua ya petunia ya zambarau. Waliongeza nakala za jeni ya kimeng'enya hiki wakitarajia rangi ikolee. Badala yake baadhi ya maua yalitoka meupe kabisa, na mengine yakawa na mabaka. Nakala zilizoongezwa zilikuwa zimeizima jeni ya mmea wenyewe. Kimeng'enya kilipokosekana, rangi nayo ilikosekana.

Shambani kwako

Katika mchai, flavonoidi nyingi ni zile ziitwazo katekini. Hujaa zaidi katika chipukizi na majani machanga, ambamo huweza kuzidi asilimia 10 ya uzito mkavu. Kiwandani, majani yanaposagwa na kuachwa yapate hewa, katekini hugeuka kuwa theaflavini na kemikali nyingine zinazoipa chai nyeusi mng'ao, rangi na ukali. Jani lililokomaa lina katekini chache, na hakuna mashine ya kiwanda inayoweza kuongeza kile ambacho jani halikuja nacho. Ndiyo maana jani baya la mkulima mmoja hushusha chai ya wote, na bei ikishuka mnadani, bonasi ya wote huguswa.

Kwa hiyo:

1. Chuma kwa wakati, kwa kawaida kila baada ya siku 7 hadi 14 kulingana na mvua na msimu. Ukichelewa, chipukizi hukomaa.
2. Usishindilie majani kwenye kikapu au gunia. Yakipata joto huanza kubadilika kabla ya kufika kiwandani.
3. Ukipanda chai ya zambarau, mfano TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, ujue kwamba rangi yake hutokana na anthosianini, ambazo nazo ni flavonoidi. Mwanga wa jua huichochea jeni ya kalkoni sinthesi, hivyo usiipande kwenye kivuli kizito. Nunua miche iliyotokana na vipandikizi kutoka kitalu kinachotambulika, kwa maana mbegu hazihifadhi sifa za mama. Hakikisha pia una mnunuzi kabla ya kung'oa chai uliyonayo.

Tahadhari ya afya

Wapo wauzaji wanaodai kwamba chai yenye flavonoidi nyingi huponya kisukari, shinikizo la damu au saratani. Chai ni kinywaji, si tiba. Usiache dawa ulizoandikiwa na daktari kwa sababu ya maneno ya sokoni.

Aidha, flavonoidi za chai huyashika madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, ndengu na mboga za kijani, na kuuzuia mwili kuyapata yote. Kina mama wajawazito, watoto na walio na upungufu wa damu wasinywe chai pamoja na mlo. Subiri angalau saa moja baada ya kula.

Kwa ushauri zaidi kuhusu uchumaji au miche, muone afisa wa kilimo wa wadi yako. Kuhusu lishe, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.