SOMO LA MISITU: KUPIMA MTI KABLA YA KUUUZA

Wananchi wenye miti, pamoja na watumishi wanaosimamia mauzo yake, wanaelezwa hapa sehemu moja ya kazi ya Msaidizi Misitu, nayo ni kupima mti ungali umesimama. Huko Kagondo, kama kwingineko katika wilaya za Muleba na Bukoba, mkaazi aghalabu huwa na misizi iliyochanganyika na migomba na kahawa katika kibanja, na misonobari au mikaratusi katika rweya. Mnunuzi hufika, hutazama, kisha hutaja bei. Mwenye mti asiye na kipimo hana la kumjibu.

Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, yaani usawa wa kifua. Penye mteremko, mpimaji husimama upande wa juu. Akisimama upande wa chini atapima karibu mno na kitako cha mti, apate unene uliozidi. Mti uliogawanyika chini ya kimo hicho huhesabiwa kuwa miwili. Asiye na utepe wa kipenyo atumie ule wa fundi cherehani: auzungushe shinani, kisha agawanye mzingo kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha takriban sentimita 30.

Kuhusu urefu, mtaalamu hutumia chombo cha kupimia pembe. Mwananchi aweza kutumia kijiti. Kiwe na urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi ya mkono ulionyooshwa. Kishikwe wima, na mshikaji arudi nyuma hadi kijiti kilingane na mti tangu chini hadi kileleni. Umbali kutoka aliposimama hadi kwenye shina ndio urefu wa mti. Njia hii hufaa mahali tambarare tu.

Hapa ndipo wengi wanapopunjika. Hudhani kuwa mti wa sentimita 40 ni maradufu ya ule wa sentimita 20. Sivyo. Urefu ukiwa sawa, ni mara nne, kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Tuchukue misonobari miwili ya mita 20, na kwa kukadiria tu tuhesabu nusu ya mche duara kwa sababu shina huchongoka. Wenye kipenyo cha sentimita 20 una mita za ujazo 0.31, wa sentimita 30 una 0.71. Anayeiuza yote kwa bei moja amegawa zaidi ya nusu ya mti mkubwa. Kwa hesabu rasmi, Msaidizi Misitu hutumia majedwali ya ujazo ya aina ya mti husika.

Vipimo hivyo viandikwe mti kwa mti, mbele ya muuzaji na mnunuzi, kabla shoka halijaingia. Aidha, ikumbukwe kuwa kusafirisha mazao ya misitu kunahitaji hati, kwa mujibu wa kanuni zilizo chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.