Kumtafuta wolai kwenye mto mgeni

Swali: Nimehamia Rock Island, Illinois, kando ya Mississippi. Nianzie wapi kumvua wolai kwenye mto nisioujua?

Jibu: Kata leseni, kisha yatazame maji kabla ya kutupa ndoana. Wolai hapendi kushindana na mkondo. Hukaa karibu na sakafu ya mto, pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia. Mpaka huo utafute kwenye kuta za mawe zilizozama, zilizojengwa kusukuma mkondo katikati ya mto. Ukiwa na boti, tafadhali nenda taratibu: kuta hizo huvunja rafadha. Macho ya wolai huona vizuri penye mwanga hafifu, basi nenda alfajiri au magharibi. Anza na risasi ya gramu 7. Usipoihisi ikigusa chini, ongeza uzito.