Jino Likipotea

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32 kinywani mwake. Yale meno 20 ya utotoni huanguka na kuyaachia nafasi mengine, lakini haya ya pili hayana mrithi. Jino la ukubwani likitoka halioti tena. Neno hili sote tumefundishwa tangu shule ya msingi, lakini wengi wetu twaishi kana kwamba hatukulisikia. Twafungua chupa za soda kwa meno, na jino likianza kuuma twangoja mpaka usiku wa kukesha. Nia ya makala hii ni kueleza jinsi elimu ya siku hizi inavyoweza kumpa mtu jino lililopandwa katika mfupa, na kwa nini elimu hiyo haimfai mwanafunzi kwa upesi kama adhaniavyo.

Kwanza yafaa tufahamu jino linavyokaa. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Mzizi wake umo ndani ya shimo la mfupa, na baina ya mzizi na mfupa mna nyuzi nyembamba sana zilizo hai, ambazo hulishika jino na kulipokelea kishindo. Kila tutafunapo, nguvu hupita katika nyuzi hizo ikafika katika mfupa, na mfupa wenye kazi hubaki imara. Jino likiondoka, mfupa wa mahali pale hukosa kazi, nao huanza kupungua, hasa katika mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu mashavu ya kibogoyo huingia ndani na kidevu chake husogea karibu na pua. Watu husema ni uzee. Kumbe si uzee peke yake, bali ni mfupa wa taya uliopungua kwa kukosa kazi. Tena meno ya jirani huinama kuelekea penye pengo, na jino lililokosa mwenzake wa kukutana naye husogea polepole kutoka mahali pake.

Hamu ya kuziba pengo ni ya zamani sana. Mwaka 1931, katika nchi ya Honduras, palichimbuliwa kipande cha taya la mtu wa kale wa taifa la Wamaya. Mahali pa meno matatu ya mbele ya chini palikuwa pametiwa vipande vya ganda la kombe la baharini, vilivyochongwa kwa umbo la meno. Baadaye picha za eksirei zilionyesha kwamba mfupa uliota kuvizunguka, yaani vilitiwa mtu yule akiwa hai.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini wasitumie chuma? Sisi wa Ufipa tuna haki ya kuliuliza swali hili, maana wazee wetu walikuwa wafua chuma wenye sifa. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivuo, na mabaki yake yangali yanaonekana katika nchi hii ya juu. Lakini kila mkulima ajua kwamba jembe likiachwa mvuani hupata kutu. Kinywa cha mtu hakikauki usiku wala mchana, na damu ina chumvi. Chuma cha jembe kikipandwa katika taya kitaoza, na mwili utakikataa. Basi ilihitajika madini isiyopata kutu, tena ambayo mfupa waweza kukaa nayo kwa amani.

Madini hiyo ni titani, na sifa yake hii ilijulikana bila kutafutwa. Mwaka 1952 Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Alitia kichumba kidogo cha titani, chenye mahali pa kutazamia, katika mfupa wa mguu wa sungura. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kukitoa ili akitumie tena, lakini hakikutoka. Mfupa ulikuwa umeota na kukishika kabisa. Mtu mwingine angalikasirika kwa kupotewa na chombo chake, bali yeye alijiuliza maana yake. Akaendelea na uchunguzi kwa miaka mingi, na mwaka 1965 akampandia vipandikizi vinne katika taya la chini mtu aitwaye Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Meno yale yalimtumikia mpaka alipofariki mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka 40. Hata hivyo madaktari wengi wa nchi nyingine hawakuamini mpaka Brånemark alipoonyesha kazi yake katika mkutano wa Toronto mwaka 1982.

Siri ya titani ni hii. Ikikutana na hewa, papo hapo hujifunika utando mwembamba sana wa oksidi. Kutu ya chuma hubanduka na kuruhusu kutu nyingine kuingia, lakini utando wa titani hushikamana nayo na kuilinda. Mwili hauioni kuwa adui, na chembe za mfupa huota mpaka zikagusana nayo. Madini hii si ngeni katika nchi zetu. Mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa, yamechanganyika na titani, na huko Kwale katika pwani ya Kenya mchanga wenye titani ulichimbwa toka mwaka 2013 hadi 2024. Lakini sehemu kubwa ya madini hiyo duniani hutumika kutengenezea rangi nyeupe.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Daktari wa meno hupima ufizi na kupiga picha ya eksirei, ili aone kama mfupa uliobaki watosha. Kisha humpiga mgonjwa sindano ya ganzi, akatoboa tundu katika mfupa kwa keekee ndogo, huku akiipoza kwa maji, maana joto likizidi huua mfupa. Ndani ya tundu hukaza skrubu ya titani. Halafu hungoja, mara nyingi miezi mitatu hadi sita, mpaka mfupa uishike. Mwisho huweka juu yake kishikizo na taji lenye rangi ya jino. Vipandikizi zaidi ya 9 katika kila 10 hudumu miaka kumi au kuzidi, mradi mwenyewe asafishe kinywa chake. Kipandikizi hakitoboki kama jino, lakini ufizi unaokizunguka waweza kuugua, na mfupa ukaliwa. Wavutao sigara, na wenye kisukari kisichotunzwa, hatari yao ni kubwa zaidi.

Kazi hii ni ya gharama kubwa, na wataalamu wake hupatikana zaidi katika miji mikubwa kama Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Sumbawanga hiyo ni safari ndefu, kupitia Laela na Tunduma, tena ya kurudiwa. Lakini mzazi asikate tamaa, kwa maana ziko njia mbili nyingine. Yako meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo bei yake ni nafuu. Liko na daraja, yaani jino la bandia lililoshikizwa kwa meno ya jirani. Zote mbili huziba pengo na kumrudishia mtu kutafuna na kusema vizuri. Ila haziuzuii mfupa kupungua, kwa kuwa hazina mzizi ndani yake.

Sasa nafika kwa wanafunzi wenzangu. Mimi nina umri wa miaka 17, na hata kama baba angekuwa na fedha ya kipandikizi, daktari angeniambia ningoje. Sababu ni kwamba taya la kijana lingali linakua. Meno ya asili husogea pamoja na mfupa unaokua, lakini kipandikizi kimeshikwa na mfupa moja kwa moja, hakina zile nyuzi, wala hakisogei. Akipandiwa mapema, baada ya miaka michache jino lile litaonekana fupi, limezama kati ya wenzake. Kwa hiyo madaktari hungoja mpaka mgonjwa amalize kukua, yaani miaka 18 au zaidi. Mwenye kupoteza jino la mbele akiwa Kidato cha Kwanza ana miaka minne au mitano ya kungoja, na muda wote huo mfupa wapungua.

Basi jino likimtoka mwenzetu uwanjani, msilitupe. Kama amezimia au ameumia kichwa, hilo lishughulikiwe kwanza. La sivyo, fanyeni hivi:

1. Lishikeni sehemu nyeupe, msiguse mzizi, maana zile nyuzi zingali hai juu yake.
2. Likiwa na uchafu, lisuuzeni kwa maziwa au maji safi kidogo tu. Msilisugue.
3. Lirudisheni katika tundu lake, lielekee lilivyokuwa, naye aume kitambaa safi.
4. Ikishindikana, litieni katika maziwa. Maziwa yakikosekana, liwekwe ndani ya mate yake mwenyewe katika chombo safi. Msiliache likauke, wala msilitie katika maji matupu.
5. Mpelekeni hospitali mara moja. Nusu saa ya kwanza ina thamani kuliko saa zote zitakazofuata.

Haya ni kwa jino la ukubwani tu. La utotoni lisirudishwe, lisije likaumiza lile linaloota chini yake. Na hapa niwakumbushe wazazi juu ya yale yaitwayo meno ya nailoni, ambayo watu hung'oa katika ufizi wa watoto wachanga kwa kudhani ndiyo yaletayo homa na kuhara. Hayo si ugonjwa. Ni machipukizi ya meno, na kuyachimbua huleta vidonda, hata kuharibu jino la ukubwani lililo chini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo katika jino huzibwa kwa kazi ya siku moja. Likiachwa, jino hung'olewa. Na jino likisha ng'olewa, ujuzi wote wa Uswidi hauwezi kumrudishia mtu zile nyuzi alizozaliwa nazo. Tupige mswaki kwa dawa yenye floridi mara mbili kila siku, tupunguze vitu vitamu, na jino likianza kuuma twende hospitali siku ile ile.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne