Mkataba wa maji na haki ya mwenye kiu

Ndugu Waislamu, Surat Al-Maida inaanza kwa kutuamrisha kutimiza mikataba. Lakini Mtume (S.A.W.) alifundisha pia kuwa sharti linalohalalisha haramu halifuatwi, na kuwa watu ni washirika katika maji.

Tutazame mfano wa Dar es Salaam. Mwaka 2003 City Water, yenye wabia wa Uingereza na Ujerumani, ilikabidhiwa usambazaji maji kwa miaka 10. Mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba. Biwater Gauff ikaishitaki Tanzania katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, ikitumia mkataba wa Tanzania na Uingereza wa 1994 wa kulinda wawekezaji. Asasi zetu za kiraia ziliruhusiwa kueleza kwa maandishi kuwa maji ni haki ya binadamu. Hukumu ya Julai 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba, ila haikuamuru fidia.

Tumeponea hapo. Mkataba ule ulitaja haki za mwekezaji. Wajibu wake kwa mwenye kiu haukuandikwa.

Huku Kilimanjaro, katika mifongo ya wazee wetu, mwenye zamu ya maji hutoka pia kusafisha mfereji. Haki na wajibu hufuatana. Naye Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma: mwenyewe akalipwa, watu wakanywa bure.

Basi tuwatake viongozi wetu, kabla ya kutia saini, waandike pande zote mbili. Ahadi ikishatolewa, ni lazima kuitimiza.

Wallahu a'lam.