Watoto Wetu na Michoro ya Mwilini

Katika Handeni na Korogwe chale si jambo geni: wembe huchanja, dawa hupakwa, kovu hubaki. Siku hizi wapo pia wazazi wanaotaka majina ya watoto wao yachorwe ngozini kwa wino usiofutika, ili kuwaenzi. Je, Islam yasemaje?

Kurani Tukufu (4:120) yaeleza kwamba shetani aliapa kuwaamrisha watu wabadili umbo la Mwenyezi Mungu. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alimlaani mwenye kuchora mwili na mwenye kuchorwa.

Lakini mapenzi ya mzazi hayakukatazwa, bali yameonyeshwa njia. Siku ya saba mtoto hupewa jina jema, hunyolewa, na huchinjwa akika: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana. Kisha ni malezi na dua (25:75), ili watoto wawe kiburudisho cha macho. Mchoro huoza pamoja na ngozi. Mtoto mwema humwombea mzazi aliye kaburini.

Na ndugu aliyeingia katika Islam akiwa amekwisha kuchorwa, afanyeje? Asikate tamaa. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba Islam hufuta yaliyotangulia. Tena wino umo chini ya ngozi ya juu, hauzuii maji ya udhu. Basi asijitenge na safu ya sala. Asiongeze mchoro mwingine, na jina lililo mkononi mwake alitaje kila siku katika sijida.