Jengo kama Matini: Fani na Maudhui ya Palazzo della Civiltà Italiana

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi hutufunza kutotenganisha fani na maudhui, wala kuisoma kazi nje ya muktadha wake. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba kanuni hiyo hulihusu jengo pia, hasa lile lenye maneno yaliyochongwa juu ya kuta zake. Mfano wetu ni Palazzo della Civiltà Italiana, yaani Kasri la Ustaarabu wa Kitaliano, katika mtaa wa EUR, kusini mwa jiji la Roma.

Jengo hili lilisanifiwa na Giovanni Guerrini, Ernesto La Padula na Mario Romano. Ujenzi ulianza mwaka wa 1938 kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya 1942, ambayo yangeadhimisha miaka 20 tangu Mafashisti wa Benito Mussolini watwae madaraka. Vita vya Pili vya Dunia viliyazuia maonyesho hayo.

Fani

Mbinu kuu ya jengo hili ni takriri. Kila moja ya pande zake nne ina safu 6 za matao, kila safu matao 9. Jumla ni matao 216 yanayofanana. Ndiyo sababu wenyeji huliita Colosseum ya Mraba. Kuna masimulizi kwamba 6 ni idadi ya herufi za jina Benito, na 9 za Mussolini. Ni kisa kitamu, lakini mhakiki hajengi hoja juu ya uvumi.

La muhimu zaidi ni uhusiano wa tao na mzigo. Katika Colosseum ya kale, tao hubeba uzito wa ukuta ulio juu yake. Hapa, uzito umebebwa na kiunzi cha zege lenye nondo. Mawe meupe ya travatini ni vazi tu. Tao limegeuka istiari: halishikilii jengo, bali linadai urithi wa Roma ya kale.

Ndani nako kumepangwa kwa nia hiyohiyo. Nyuma ya matao mna baraza zinazozunguka kila ghorofa, na vyumba vimerudishwa kivulini. Atazamaye kutoka nje huona safu za giza na mwanga, haoni dalili za watu wanaofanya kazi. Chini, matao yamewekewa sanamu 28 zinazowakilisha sanaa, ufundi na taaluma mbalimbali. Vyumba vilikusudiwa maonyesho ya ustaarabu wa Kitaliano, si makazi wala soko.

Maudhui na Muktadha

Juu kabisa, katika pande zote nne, kuna maandishi yanayowasifu Waitalia kuwa watu wa aina nane: washairi, wasanii, mashujaa, watakatifu, wanafikra, wanasayansi, mabaharia na wahamaji. Asomaye orodha hii peke yake huona majivuno ya kawaida ya taifa.

Hata hivyo, maneno hayo yalitoka katika hotuba ya Mussolini ya tarehe 2 Oktoba 1935. Kesho yake, majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia. Yalitumia gesi ya sumu, na mnamo tarehe 5 Mei 1936 yaliingia Addis Ababa. Kwa hivyo, neno "shujaa" lilimhusu askari aliyekuwa mpakani, na "mhamaji" lilikaribia kumaanisha mlowezi. Ukuta umehifadhi sifa na kuificha tarehe. Hapa ndipo pragmatiki inapokamilisha kazi ya semantiki: maana haikai katika neno tu, bali pia katika nani alilitamka, lini, na kwa kusudi gani.

Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba uzuri wa jengo umekwisha kujitenga na historia yake. Kwa kweli, mwaka wa 2015 kampuni ya mitindo ya Fendi ilihamishia humo makao yake makuu, na ulinganifu wa matao yale ungali unavutia. Hatudai kwamba jengo libomolewe; matini iliyoteketezwa haihakikiwi. Tunachodai ni kwamba uzuri wa fani usichukuliwe kuwa ushahidi wa ukweli wa maudhui. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma utenzi wa kumsifu mtawala huuliza ni nani ameachwa nje ya sifa hizo. Mbele ya kasri hili, swali ni lilo hilo, na Ethiopia ni sehemu ya jibu lake.